Umevua Jezi, Umeshika Ubao: Mambo ya Kujua Mapema

Kila msimu lazima apatikane mmoja. Jana alikuwa nyota wa kikosi cha mpira wa kikapu, leo ni kocha, ana ubao mkononi, na kabla mwezi haujaisha ameshayarudia makosa yote ya waliomtangulia. Wadogo zetu, tuwaambie mara ngapi?

1. Usifundishe kwa mwili wako. Ukirusha wewe ukapatia, kijana amejua tu kwamba wewe unajua. Mfafanulie hatua kwa hatua: mguu wa egemeo, bega, macho, ndipo mpira. Magic Johnson aliyekuwa akiiona pasi kabla ya wenzake kuiwaza, alipewa ukocha wa Lakers, timu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1994 kwa mechi 16, akapoteza 11.

2. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, orodha ya majina ifike mezani kwa makarani dakika 40 kabla ya mechi, na dakika 10 kabla uwe umesaini na kuonyesha watano wa kuanza. Hakiki namba za jezi.

3. Taimauti, yaani kusimamisha mchezo kwa dakika moja uongee na timu. Hapa tukae kitako, maana ndipo wanapoumia wengi.

Unazo 2 nusu ya kwanza, 3 nusu ya pili, na 1 kila muda wa nyongeza. Isiyotumika haihami. Sasa, mchezaji mstaafu ana ugonjwa wake: enzi zake alichukia kusimamishwa mpira unapokolea, kwa hiyo akiwa kocha anazibania taimauti. Robo ya tatu wapinzani wanafunga pointi 11 mfululizo, yeye amekunja mikono, "watazinduka wenyewe." Robo ya nne inasonga. Saa ya mchezo, ihesabuyo kurudi nyuma, inagonga 2:00 na zote tatu bado anazo, moyoni anajiona tajiri.

Mtazame karani wa meza wakati huo. Anainama, anachora mistari miwili ya mlalo kwenye kisanduku cha kwanza cha taimauti za nusu ya pili. Filimbi hailii, hakuna anayemwendea kocha kumpa pole. Moja imekufa, kwa sababu ndani ya dakika 2 za mwisho huruhusiwi kutumia zaidi ya 2. Ya kwanza anaichoma ikiwa 1:40 kwa hasira za faulo. Ya pili inaondoka ikiwa 0:50 kwa kuwa anayeingiza mpira amekosa wa kumpa. Zikibaki sekunde 9 wapinzani wanafunga na kuongoza kwa pointi 1. Angekuwa na taimauti, angechora mchezo na kuomba mpira uingizwe kwenye nusu ya mbele ya uwanja. Badala yake vijana wanaanzia chini ya kikapu chao, mita 28 mbele yao, wamekabwa kila kona. Anageukia meza, viganja vimeunda T, ishara ya taimauti. Karani anatikisa kichwa.

Na ashukuru kwamba amenyimwa tu. Fainali ya vyuo vya Marekani mwaka 1993, Chris Webber wa Michigan aliomba taimauti ambayo timu haikuwa nayo, zikiwa zimebaki sekunde 11 na wako nyuma kwa 2. Ilikuwa faulo ya kiufundi, yaani ya kuvunja utaratibu bila kumgusa mtu, na mechi ikaisha wamefungwa 77 kwa 71.

Dawa ni ndogo mno. Mpe msaidizi mmoja kadi: taimauti zetu na zao, faulo za timu, mshale wa umiliki (unaoonyesha nani atapewa mpira ukigombaniwa). Aitaje kwa sauti kila mpira unapokufa. Ikifika 3:00 na zote tatu unazo, omba moja papo hapo. Usingoje 2:10, maana taimauti hupewi mpira ukiwa mchezoni. Wachezaji nao waambie wasimpigie refa kelele kama waonavyo NBA: kwa FIBA anayeomba ni kocha au msaidizi wake wa kwanza, na anaiomba mezani. Dakika hiyo moja ina ujumbe mmoja, ukizidi sana miwili.

4. Kabla ya kupaza sauti "mchezee faulo!" ili saa isimame, hesabu. Ikiwa timu yako ina faulo 2 katika robo hiyo, mtacheza faulo mara tatu, hadi ya tano, ndipo mpinzani aende kwenye mitupo huru, na saa haikusubiri.

5. Ukipandishwa ofisini ukawa meneja wa timu, kalenda inabadilika. Kocha anataka mtu wa kumfaa kesho jioni; meneja anahesabu miaka. Jerry West alikuwa kocha wa Lakers misimu mitatu, lakini mwaka 1996, akiwa meneja, alimtoa Vlade Divac, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) aliyekamilika, akamchukua Kobe Bryant wa miaka 17. Mshahara wa Divac ulipoondoka, nafasi ya kumsajili senta mwingine, Shaquille O'Neal, ikapatikana. Kocha gani angekubali kubaki bila senta kwa ahadi tu?

Na tafadhali, usimtumie kocha wako ujumbe wakati wa mapumziko kumwambia nani aingie. Najua mtanitajia Pat Riley, bosi wa timu ya Miami Heat aliyetoka ofisini Desemba 2005, akarudi benchi kama kocha na kuchukua ubingwa wa NBA wa 2006. Sawa. Yeye alirudi na mataji manne ya ukocha mkuu mfukoni; wewe bado unauliza mshale wa umiliki unaelekea wapi.