Mkuu, usikaze hizo plagi bila spana ya toki

Mkuu, hizo plagi za injini usiziguse Jumamosi kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu unayokazia.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Umeuliza uchukue boksi spana la vipande 108 au la 216, jeki ya chupa au ya magurudumu, kompresa kama ni lazima, na jiliwa ya ukubwa gani ya kufunga kwenye meza yako pale nyumbani. Yote maswali ya maana. Ila umemalizia hivi: "Spana ya toki naiacha kwanza, muuzaji kasema hiyo ni ya gereji kubwa, kwa gari dogo mkono unatosha. Naanza na plagi za Runx yangu."

Hapo ndipo uliponikamata. Maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, niliambiwa mimi Kariakoo, na yamenigharimu shilingi 2,440,000.

Nilikuwa na Toyota IST ya 2004, ile ya lita 1.5, injini 1NZ-FE. Kama Runx yako, nayo Toyota, ni ya 1.5 basi injini ni hiyo hiyo, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Nilinunua boksi spana zuri tu, nikafika nyumbani jioni, injini bado ya moto na foleni ya Kimara, nikaanza kubadilisha plagi. Kuzitoa hakukuwa na shida. Kuzirudisha nikafuata alivyonifundisha fundi wa mtaani kwetu, mtu mwenye miaka ishirini kazini: paka grisi kidogo kwenye tredi (zile nyuzi za kuzungushia za plagi), kaza mpaka igome, halafu ongeza robo mzunguko ya usalama. Nilikuwa na racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, ya nusu inchi. Mpini nikauona mfupi, nikachomeka kipande cha bomba.

Ya kwanza ikagoma. Ya pili ikagoma. Ya tatu nayo ikagoma, nikaongeza ile robo, na hapo mkono wangu ukapokea kitu ambacho sijakisahau: mpini ukawa laini. Hakikukatika kitu, hakikulia kitu. Ukasogea tu taratibu, kama kisu kinapita kwenye muhogo uliochemka. Nikadhani plagi ndiyo imekaa. Nikafunga koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, nikawasha, injini ikaunguruma safi kabisa.

Zilizokuwa zinalainika ni tredi za hedi, ile sehemu ya juu ya injini ambamo plagi zinaingia. Hedi ya injini hiyo ni aluminiamu, plagi ni chuma. Ukilazimisha, chuma hakipotezi kitu, aluminiamu ndiyo inayovutika. Na haikwambii siku hiyo. Inabaki imeshikilia kwa uzi mmoja au miwili, inasubiri siku utakayoibebesha mzigo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi na nusu baadaye, tunapandisha mlima Kitonga kwenda msibani Iringa, familia yote ndani. Gia ya chini, lori mbele, injini inasukuma kweli kweli. Ghafla pa! chini ya boneti, halafu tak-tak-tak kama mtu anapiga debe, gari likaisha nguvu. Anayeijua Kitonga anajua hakuna pa kusimama pale, malori yanakupita karibu yakuguse. Nafungua boneti nakuta koili ya silinda ya tatu imepasuka, plagi imerushwa nje ya tundu lake. Nikaishika na kitambaa. Kwenye tredi zake ulikuwa umejiviringa uzi mwembamba unaong'aa, kama springi ya kalamu. Zilikuwa tredi za hedi yangu, zimeng'oka zima zima.

Tukavutwa. Fundi tuliyempata njiani akasema hedi haina haja ya kutolewa, anachonga tundu hapo hapo anaweka bushi. Nilikuwa na watoto na msiba unasubiri, nikakubali. Ukichonga tundu la plagi hedi ikiwa juu ya injini, chembe zote zinaangukia juu ya pistoni. Kuna namna za kuzizuia na kuzitoa, yeye hakuhangaika na hata moja. Tulifika Iringa, tukarudi Dar, na wiki ya tatu gari likaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Ukuta wa silinda ulikuwa umechanwa mistari unayoweza kuisikia kwa ukucha.

Hesabu nimeiandika kwenye daftari, ninayo mpaka leo. Kuvutwa 180,000. Bushi na kazi yake 120,000. Koili na plagi 90,000. Injini ya mtumba 1,700,000. Kuifunga pamoja na oili na kulanti (maji ya kupoza injini) 350,000. Spana ya toki niliyokuja kununua baadaye ilikuwa 85,000.

Sasa hawa wanaosema mkono unatosha. Yule muuzaji nina hasira naye mpaka kesho. Hajawahi kufungua plagi maishani mwake, kazi yake ni kuuza kilichopo rafuni, na siku ile toki hakuwa nayo. Badala ya kusema "sina, jaribu duka la jirani", akaniambia siihitaji. Huo ni uongo wa kumuumiza mtu, tuuite kwa jina lake. Yule fundi kosa lake ni la namna nyingine. Mkono wake umekaza plagi maelfu, kwa racheti moja fupi anayoitumia kila siku. Mkono wake unajua. Ila alichonifundisha si mkono wake, ni maneno tu: "kaza igome, ongeza robo." Maneno hayo yakiingia kwenye mkono wa mtu mwingine, racheti nyingine na kipande cha bomba, yanakuwa kitu kingine kabisa.

Fanya jaribio hili leo jioni kabla hujabisha. Plagi ya 1NZ inakazwa kwa Nm 18 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwenye racheti yenye mpini wa sentimita 25, Nm 18 ni uzito wa kilo saba na kidogo pale mwisho wa mpini. Chukua ndoo, tia maji lita saba, ninginiza kwenye mpini. Basi. Huo ndio ukazaji wote unaotakiwa, kitu ambacho mtoto wa darasa la tano anakiinua kwa mkono mmoja. Mimi na bomba langu mpini ulifika nusu mita. Hata kama nilisukuma kwa kilo 15 tu, na nina hakika nilizidisha, hiyo ni zaidi ya Nm 73. Mara nne. Na grisi juu yake! Grisi inapunguza msuguano, kwa hiyo kwa kipimo kile kile cha mpini tredi zinavutwa zaidi. Plagi inafungwa kavu.

Kuna kosa la pili nililofanya baada ya hapo, usilirudie. Nilipokwenda kununua toki nilichukua ile kubwa ya nusu inchi (upana wa mraba unaoshika soketi), inayopima kuanzia Nm 28 mpaka 210, kwa sababu ndiyo imejaa madukani. Nafika nyumbani, 18 haipo. Inaanzia 28! Narudi dukani naambiwa "weka hiyo 28, si mbaya". Ni mbaya, ni mara moja na nusu ya kinachotakiwa. Ile kubwa ni ya nati za magurudumu. Kwa plagi na bolti ndogo tafuta ya inchi tatu kwa nane ambayo 18 inakaa ndani ya vipimo vyake vizuri, si pale mwanzoni kabisa, maana spana hizi za kubofya, zinazopiga "kla" zikifika kipimo, zinadanganya zaidi kwenye sehemu ya chini. Inayoanzia 5 mpaka 60 hivi inakufaa. Na soma vizuri, nyingine zina mistari miwili, mmoja wa Nm na mwingine wa futi na ratili. Ukiweka 18 kwenye mstari wa ratili umekaza zaidi ya Nm 24.

Ukishainunua, ipime. Usimwamini mtu, hata mimi. Ikamate kichwa kwenye jiliwa (ndiyo, nunua jiliwa, nimeshakujibu hilo), mpini ulale sawa na sakafu. Weka 18. Pima sentimita 30 kutoka katikati ya kichwa, ninginiza ndoo ndogo kwa kamba, halafu ongeza maji kwa kikombe, taratibu, mkono mmoja umegusa mpini. Itapiga "kla" ndogo utakayoisikia kwenye vidole kabla ya sikio. Peleka ndoo na maji yake kwenye mizani ya duka la jirani. Inatakiwa iwe karibu kilo sita, pungufu kidogo kwa sababu mpini wenyewe nao una uzito. Yangu ilipiga kwenye kilo 5.9. Mke wangu alitoka akanikuta na vikombe na ndoo uani akauliza nafanya nini, nikamwambia nazuia Kitonga nyingine. Akaniletea maji zaidi.

Ile kubwa ya magurudumu ni rahisi zaidi. Ndoo ya lita 20 ikijaa, pamoja na uzito wa ndoo yenyewe, ni kama kilo 21. Ukiininginiza kwenye nusu mita unapata Nm 103, na 103 ndicho kipimo cha nati za magurudumu za gari lako.

Jumamosi basi, kama toki umeshaipata: injini ilale usiku mzima, iwe baridi kabisa. Fungua bolti za koili kwa soketi ya 10, toa koili. Kabla ya kutoa plagi puliza matundu kwa pampu ya baiskeli, mchanga ulio mle ndani usiangukie kwenye silinda. Soketi ya plagi ni ya 16, hakikisha boksi lako linayo. Plagi mpya usiianzishe kwa racheti hata siku moja. Tafuta kipande cha mpira wa mafuta kinachobana kichwa cheupe cha plagi, kiwe kirefu kama shubiri mbili, ishushe nayo na uizungushe kwa vidole. Ikienda upande, mpira unateleza wenyewe na hakuna kilichoharibika. Toa, anza tena. Ikishaingia yote kwa vidole mpaka ikagusa, ndipo toki. Vuta polepole, kla moja, acha. Usipige kla ya pili ya kujiridhisha. Ya pili ndiyo ile robo ya usalama imerudi kwa mlango wa nyuma.

Ukibadilisha na oili, nati ya kumwagia oili ni ya soketi ya 14, kipimo chake Nm 37.5, na washa yake (kile kipete bapa cha kuziba) weka mpya. Toki usiitumie kufungulia kitu chochote. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ndipo uiweke, springi ya ndani isilale imebanwa.

Na kama umekwama, toki hujaipata na gari lazima litembee Jumatatu: plagi mpya yenye washa yake, izungushe kwa vidole mpaka iguse, halafu nusu mzunguko, usivuke theluthi mbili. Plagi iliyowahi kufungwa washa yake imeshabonyea, hiyo ni kidogo sana, kama saa inavyotembea dakika tano. Hivi ndivyo watengenezaji wa plagi wenyewe wanavyoelekeza kwa asiye na kipimo. Hakuna robo ya usalama popote.

Boksi spana chukua la 108. Hayo 216 sehemu kubwa ni vichwa vya bisibisi ambavyo hutavigusa. Angalia soketi ziwe za pembe sita, za pembe kumi na mbili zinakula vichwa vya bolti. Pesa utakayobakiza iongezee kwenye toki. Jeki yoyote imara, lakini usiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake wala tofali. Nunua stendi mbili za chuma, hilo sibishani na mtu. Kompresa watakujibu wengine.

Niambie tu toki uliyoiona inaanzia namba ngapi kabla hujalipa. Piga picha ile sehemu ya namba kwenye mpini, iweke hapa, nitaiangalia leo leo hata kama ni usiku.