Barua kwa mwanangu: mtoto wa kiume naye je?

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako. Unauliza kama ukeketaji ni jinai, kwa nini mvulana mnayemtarajia atahiriwe kwa vigelegele naye hakuulizwa. Mumeo anasema kuyaweka mambo hayo kwenye mizani moja ni kuwakosea adabu waliokeketwa.

Ana hoja. Shirika la Afya Duniani limeugawa ukeketaji katika aina 4. Katika ile ya tatu mashavu ya uke hukatwa, kisha hushonwa au huachwa yagandane, kikabaki kitundu cha kupitisha mkojo na hedhi. Mwanamke huyo huenda akafunguliwa kwa kisu akiolewa, na tena akijifungua. Faida ya kiafya hakuna hata moja. Huwezi kulilinganisha hilo na kuondoa govi.

Lakini aina ya nne inaingiza hata kuchoma kwa sindano bila kuondoa nyama. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilidokeza kwamba daktari aruhusiwe kuchoma kidogo tu, ili wazazi wasiwapeleke mabinti kwa mangariba nje ya nchi. Kelele zikapigwa, kikalifuta pendekezo mwaka huohuo. Tone la damu lilikataliwa, govi zima likaendelea kukatwa! Mimi naona walifanya vyema kulifuta, maana hata tone hilo lingemwambia binti kuwa tamaa yake ni uchafu wa kudhibitiwa. Ila usimwachie mumeo ushindi wote: katika karne ya 19 wapo madaktari wa Uingereza na Marekani waliohimiza tohara ili wavulana waache kujichua. Na huko nako tamaa ndiyo iliyokuwa ikiwindwa.

Atakutajia VVU, na hakosei. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini wengi wa waliojitokeza kwenye majaribio hayo walikuwa watu wazima, wakaridhia wenyewe. Kichanga kinga hiyo ataihitaji akishabalehe, na kufikia hapo ana mdomo wa kusema.

Mwaka 2012 mahakama ya Köln iliamua kuwa kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Kabla mwaka haujaisha, bunge la Ujerumani likapitisha sheria ya kuruhusu. Silishangai bunge hilo. Kwa Myahudi siku ya nane ni agano, haiahirishwi kirahisi. Ninyi dini haijawapangia siku.

Ningekuwa mimi, ningemsubiri akue. Mkiamua vingine, tafuteni daktari aliyeizoea kazi hiyo, na mtoto apigwe ganzi. Wapo bado wanaodai kichanga hasikii maumivu. Hao msiwape mtoto wenu.

Mama yako