Ziro ya mita ngapi? Madogo, tulieni kwanza

Jamani hili swali la ziro, yaani umbali ambao risasi inagonga palepale unapolenga kwenye skopu (darubini ya bunduki), sasa linanichosha. Kila dogo akishika bunduki yake mpya anakuja na jibu tayari kichwani, kalisoma kwenye boksi la risasi au kaambiwa na mshkaji, anachotaka ni sisi tuitikie tu. Juzi nimekaa renji, kwenye uwanja wa shabaha, namwangalia kijana anahangaika kuweka .308 yake, bunduki ya kuwindia, ziro ya yadi 300, namuuliza umeshawahi kupiga mnyama umbali huo? Hajawahi. Umeshapiga hata karatasi umbali huo? Hajawahi, renji yenyewe inaishia mita 100, anakokotoa tu aiweke juu kiasi gani. Sasa ya nini yote hiyo?

1. Ziro unaiweka kwa umbali unaopiga, sio unaoutamani. Kama wewe ni mtu wa vichakani na risasi zako nyingi haziendi mbali, weka mita 100 na usione aibu. Sehemu za wazi, yadi 200 inatosha sana: .308 ya greni 150 (huo ni uzito wa risasi) itakupigia juu kama sm 5 ukiwa yadi 100, na ukifika 300 imeshuka sm 20 na kitu. .22 LR, ile ya risasi ndogo, weka mita 50, hapo hatujadili, kwenye 100 imeshashuka zaidi ya sm 15.

2. Huyo kijana nisimcheke sana maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilivyopata skopu yangu ya kwanza ya maana nikaweka ziro ya 300, kisa nilisikia wakubwa wanaongelea mia tatu mia tatu, nikaona mia moja ni ya watoto. Kitu ambacho sikukaa nikakifikiria ni risasi inapita wapi kabla haijafika huko. Skopu imekaa juu ya mtutu kama sm 4, kwa hiyo mtutu unaangalia juu kidogo, risasi inaukata mstari wa macho karibu kabisa na wewe ikiwa inapanda, inakwenda juu ya mstari, halafu inarudi kuukata tena huko kwenye ziro yako. Ukiweka 300 na hiyo .308, katikati huko inakuwa juu kama sm 15. Kumi na tano! Na moyo na mapafu ya mnyama wa saizi ya swala ni duara la sm 20 hivi, yaani ukilenga katikati una sm 10 tu za kukosea juu, na hapo hujahesabu mkono wako unaotetemeka. Sasa mnyama katokea kama mita 150, kasimama ubavu, ametulia, na mimi kwa ujuaji wangu nikaona nilenge juu kidogo "isije ikashuka". Nilisikia imegonga. Akajikunja, akaanguka, nikaanza kutabasamu, akanyanyuka akaondoka. Pale aliposimama nikakuta nywele ndefu za mgongoni na damu kidogo tu, na mzee niliyekuwa naye akaziokota akaziangalia, akaniangalia mimi, hakusema neno, na mzee yule alikuwa muongeaji. Tulifuata ile damu mpaka tone likawa la kutafuta kwa magoti, giza likaingia, kesho yake tukarudi, hatukumpata. Hakuna upepo wa kusingizia hapo wala skopu mbovu, bunduki ilipiga palepale nilipoiambia.

Kwa hiyo mtu akiniambia mia tatu mimi namuuliza, na ukiwa 150 unalenga wapi? Akisitasita, tunarudisha 100.

3. Mita 25 ni ya kupata karatasi tu, sio ya kumalizia. Kuna watu wanapiga 25, wanaona tundu liko katikati, wanafunga mfuko wanasema huko mbele itajipa. Haijipi. Ukikosea sm 1 tu kwenye 25, kwenye 200 ni sm 8.

4. Kliki, yaani hatua moja ya kuzungusha kitufe cha skopu. Skopu nyingi kliki moja ni robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), hiyo ni kama mm 7 ukiwa mita 100, nyingine ni sm 1 kamili, soma juu ya kifuniko. Ukiwa 25 kliki moja inasogeza robo tu ya hiyo, kwa hiyo zungusha kliki mara nne zaidi, sio unazungusha kliki mbili halafu unalalamika skopu haisogei. Na piga tatu kwanza ndio uguse, acheni kufukuza tundu moja moja, dogo mmoja kazungusha kushoto kulia mpaka boksi limeisha na ziro yake iko palepale alipoanzia.

5. Egemeza mbao ya bunduki kwenye mfuko wa mchanga, usiegemeze mtutu. Acha mtutu upoe. Skrubu za skopu kaza kabla hujafyatua hata moja, sio baada ya kuanza kushangaa. Na ile risasi ya kwanza ya mtutu wa baridi iandike ilipiga wapi, maana porini hiyo ndiyo utakayopiga.

6. Yadi 100 ni mita 91 na kidogo. Kwenye 100 hutaona tofauti, ila yadi 300 ni mita 274, kwa hiyo ukinakili jedwali la mtu muulize kwanza ni la nini.

7. Ukibadilisha aina ya risasi, hata kama greni ni zilezile, rudi renji. Ikianguka, rudi renji. Najua risasi ni ghali na bega linauma, rudi tu.