Picha si mchoro: kujifunza kubuni samani zako za mbao

Ukipita Nsambya au Ndeeba, mitaa ya maseremala jijini Kampala, siku yoyote utamkuta mteja amemwonyesha seremala simu: "Nataka meza kama hii." Fundi anatazama, anaitikia, wanaanza kupatana bei. Kinachosahaulika ni kwamba picha haina kipimo. Haionyeshi mguu umeungwaje, uso wa meza umeshikwa na nini, wala kwamba sebule iliyopigwa picha ni kubwa mara tatu kuliko muzigo, yaani chumba cha kupanga, unaoishi wewe. Kubuni samani ni kujibu maswali hayo kabla msumeno haujagusa mbao. Kazi hiyo inafanyika kwa daftari, kalamu ya risasi na tepu, na hata kama mbao atakata fundi, mchoro unaweza kuwa wako.

Anza na stuli au benchi, kisha meza. Kiti chenye egemeo kiache mwisho. Kila mtu anapojinyoosha nyuma, uzito wote huja kwenye viungo viwili vya miguu ya nyuma, na vipimo vyake vina mielekeo ambayo guniya, kile kipimo cha pembe mraba, peke yake haiwezi kuikagua. Hapa tutatumia meza ya kulia ya watu 6, kwa sababu ina karibu kila somo unalohitaji.

Mwili, kisha chumba

Kiti cha kulia kina kimo cha sentimita 43 hadi 46. Meza ni sentimita 73 hadi 76. Namba muhimu zaidi ni tofauti kati yao: kutoka kalio la kiti hadi uso wa meza ziwe sentimita 28 hadi 30. Kwa hiyo kama viti unavyo tayari, vipime kwanza. Kiti cha sentimita 48 kinadai meza ya 77, hata kama kila unayemuuliza anasema 75.

Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za ukingo. Uso wa sentimita 150 kwa 80 unachukua wawili kila upande mrefu na mmoja kila kichwa, ndio watu 6.

Sasa angalia mahali ambapo meza nyingi nzuri za macho huharibika: mkanda, yaani zile mbao nne zinazofunga miguu chini ya uso. Tuseme meza ina kimo cha milimita 750 na uso wenye unene wa milimita 22. Mkanda wa milimita 100 utaishia milimita 628 kutoka sakafuni. Ukitoa kiti cha milimita 450, paja limebakiwa na 178. Hapo mtu anakaa vizuri. Mteja akitaka mkanda mpana wa milimita 150 ili achongewe maua, paja linabaki na 128, na mgeni atakula akiwa amekaa upande. Maua yakilazimu, yachongwe kwenye miguu.

Chumba nacho kina neno lake. Ili kiti kivutwe na mtu apite nyuma yake, acha sentimita 90 kutoka ukingo wa meza hadi ukutani. 75 zinatosha kama hakuna anayepita. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, yaani sentimita 305. Kwa upana, 80 na 90 mbili ni 260, imeingia. Kwa urefu, 150 na 90 mbili ni 330, haikuingia. Kama hutaki kubana hadi 75 kila kichwa (jumla 300), basi kichwa kimoja cha meza kikae ukutani na uhesabu watu 5, au ufupishe meza. Chora umbo lake sakafuni kwa chaki, weka viti, pita na sinia mkononi. Pima na mlango pia.

Mchoro wa daftari na ubao wa kipimo kamili

Daftari la miraba la hisabati linatosha. Kama miraba ni ya milimita 5, kila mraba uwe sentimita 5 za meza, na meza nzima itaingia kwenye ukurasa mmoja. Chora mara tatu: ukiitazama kwa mbele, kwa upande na kutoka juu. Mtazamo mmoja ukikataa kulingana na mwingine, umegundua kosa likiwa bado la kufutika kwa raba.

Andika kila kitu kwa milimita. Mbao zinauzwa kwa inchi na futi, na hapo ndipo watu huchanganya; inchi 1 ni milimita 25.4, na kosa dogo likirudiwa mara nne linakuwa pengo linaloonekana. Tumia tepu moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana tepu mbili za bei rahisi hazikubaliani daima.

Baada ya hapo, chora kona moja ya meza kwa kipimo kamili kwenye kipande cha plaiwudi au boksi la friji. Hutahitaji meza nzima. Kona ndiko kwenye siri.

Kona, kwa karibu

Mguu ni milimita 70 kwa 70. Mkanda una unene wa milimita 22. Mwisho wa mkanda huchongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu, na unene wa ulimi uwe karibu theluthi moja ya mkanda: milimita 8 katikati, mabega ya milimita 7 kila upande. Ukiusogeza mkanda ndani milimita 5 kutoka uso wa nje wa mguu, ulimi unakaa kati ya milimita 12 na 20 kutoka nje.

Mguu mmoja hupokea ndimi mbili, moja ya mkanda mrefu, nyingine ya mfupi, na zinaelekeana ndani ya mti. Kwa vipimo hivi kila ulimi unaweza kwenda hadi milimita 50 kabla haujagonga mwenzake. Chukua 40. Sasa punguza mguu uwe milimita 50, kama wengi wanavyotaka ili meza ionekane nyepesi: ndimi zitagongana zikifika milimita 30. Hapo uzifupishe, au ukate ncha zake mshazari ili zilale pamoja. Mchoro wa kipimo kamili unakuonyesha hili kwa dakika tano. Bila mchoro utaligundua patasi ikiwa ndani ya tundu la pili.

Ulimi usifike juu kabisa ya mguu. Acha milimita 20 za mti mzima pale juu, la sivyo tundu linakuwa mdomo wazi na mguu utapasuka. Wakati wa kutoboa acha mguu uzidi sentimita 3 kwa juu, kisha ukate ziada baada ya gundi kukauka. Tundu liwe na kina cha milimita 2 zaidi ya ulimi ili gundi ipate pa kukaa; likiwa sawasawa kabisa, gundi hukataa kukandamizwa na bega halifungi.

Misumari haiwezi kufanya kazi ya kiungo hiki. Ukipigilia msumari kwenye ncha ya mbao, unaingia sambamba na nyuzi na kushika kidogo tu. Meza itaanza kucheza baada ya miezi.

Mbao hutanuka kwa upana

Hili ndilo picha haitakuambia kamwe. Mbao karibu haibadiliki kwa urefu, lakini kwa upana husinyaa ikikauka na kutanuka ikipata unyevu. Kwa paini ya kawaida kadiria asilimia 1 ya upana kwa kila asilimia 4 za unyevu. Uso wa sentimita 80 ukitoka unyevu wa 18 hadi 14, umepungua kama milimita 8. Mbao iliyonunuliwa mbichi, asilimia 30, ikakaukia sebuleni, inaweza kupunguza karibu sentimita 3. Ukiwa umeupigilia uso kwenye mkanda pande zote, hizo milimita zitatafuta pa kutokea, na zitatokea katikati ya meza kama ufa.

Dawa yake ni vishikizo: vipande vya mbao vya ukubwa wa kiberiti, vyenye kidomo kinachoingia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya mkanda, na skrubu moja inayopanda kwenye uso. Mfereji uanze milimita 10 chini ya ukingo wa juu wa mkanda, na kidomo kikatwe milimita 9 chini ya uso wa juu wa kishikizo, ili skrubu ikikazwa uso uvutwe chini. Vitatu kwa kila mkanda mrefu na viwili kwa kila mfupi, jumla 10. Kwenye mikanda mirefu usisukume kidomo hadi mwisho wa mfereji. Acha nafasi ya milimita 5 ili uso uweze kwenda na kurudi kati ya masika ya Machi na kiangazi cha Januari.

Kujua kama mbao imekauka, huhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime kwa mizani ya jikoni, andika uzito juu yake, kiache pamoja na mbao nyingine. Pima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili au tatu, mbao imefikia hali ya hewa ya hapo. Wakati huo zipange zikiwa juu ya ardhi, kivulini, na vijiti vya inchi 1 kati ya kila safu, kila sentimita 50, vijiti vikiwa vimenyooka juu ya vingine. Vikipishana, mbao zitapinda kuvifuata. Paka rangi kwenye ncha za mbao, maana huko ndiko zinakokauka haraka na kupasuka.

Orodha ya kukata huandikwa kabla ya kwenda sokoni

Miguu 4: 70 × 70 × 728.
Mikanda mirefu 2: 22 × 100 × 1,340.
Mikanda mifupi 2: 22 × 100 × 640.
Mbao za uso 6: 22 × 140 × 1,550, zitakatwa hadi 1,500 baada ya kuunganishwa.

Fremu nje kwa nje ni milimita 1,400 kwa 700, kwa sababu uso unazidi milimita 50 kila upande. Mkanda mrefu unaonekana milimita 1,260 tu kati ya miguu. Zile 80 zilizoongezeka ni ndimi mbili. Kusahau kuongeza ndimi ndilo kosa linalopoteza mbao nyingi kuliko yote kwa anayeanza.

Uso umetoka kwenye mbao sita nyembamba za inchi 6 kwa 1 makusudi. Mbao pana ya 12 kwa 1 hujikunja kama bakuli kwa urahisi zaidi. Na usidanganywe na jina: inchi 1 ya sokoni ikishapigwa randa pande mbili inabaki kama milimita 20 hadi 22.

Sasa pangilia vipande ndani ya mbao utakazonunua. Ukipata za futi 14 (sentimita 427), mbao tatu zinatoa vipande sita vya uso na mikanda mifupi yote miwili, na ya nne inatoa mikanda mirefu. Mbao 4 zimetosha. Ukipata za futi 12 (sentimita 366), kila mbao ya uso inabakiza sentimita 56, na mkanda mfupi unataka 64. Mbao ya nne inatoa mikanda mirefu na mfupi mmoja; mfupi wa pili unakosa mahali, unanunua ya tano. Miguu inatoka kwenye 3 kwa 3 ya futi 11, ukihesabu zile sentimita 3 za ziada. Ukikuta fundo au ufa kwenye ncha, itoe sehemu hiyo kwenye hesabu yako kabla hujalipa.

Kuhusu mti wenyewe: paini ni rahisi kupata na kukata, lakini ina mafundo na utomvu. Musizi ni mwepesi na mtiifu kwa randa, ila mchwa wanaupenda. Uweke ndani ya droo na makabati. Mugavu ni mgumu na wa kudumu katika kiini chake chekundu. Ile sehemu nyeupe ya nje ikatae, wadudu wataigeuza unga. Mvule ni mti bora kabisa kwa meza, lakini umepungua sana, una chembe ngumu kama mawe zinazoua makali, na vumbi lake huwasha, kwa hiyo funga pua. Kalitunsi, yaani mkaratusi, hupinda na kupasuka ikikauka. Ifae chaga za kitanda, si uso wa meza.

Na kama utabuni rafu ya vitabu: ubao wa paini wa milimita 20 usizidi sentimita 75 bila mhimili. Ukirefusha maradufu na kuujaza vitabu, kuzama huongezeka mara 16. Ukiongeza unene kutoka milimita 20 hadi 25, kuzama hupungua karibu nusu.

Siku ya kuunganisha

Ifunge fremu kavu kwanza, bila gundi. Pima mshazari mbili kutoka kona hadi kona: kwa fremu hii kila moja iwe karibu milimita 1,565. Zikitofautiana zaidi ya 2, legeza klampu na uvute ile ndefu. Huna klampu za kutosha? Kamba iliyozungushwa fremu na kusokotwa kwa kijiti inakaza vizuri. Gundi mikanda mifupi na miguu yake leo, mirefu kesho. Kuunganisha vyote mara moja ni kukimbizana na gundi inayokauka.

Vanishi iende juu na chini ya uso, idadi ile ile ya mikono. Ukipaka juu tu, upande wa chini unavuta unyevu peke yake na meza inajikunja, hata kama kila kiungo kimefungwa sawasawa.