Usijitoe kwenye seva kabla hujaandika kanuni

Kaka, nimekuelewa: umechoka kuamua ugomvi kwenye seva yako ya mchezo, unataka kuwaachia wachezaji wapige kura. Kabla hujajitoa, sikia yaliyomkuta Pavel Curtis.

Alifungua LambdaMOO mwaka 1990, kwenye kompyuta ya Xerox kule California. Ulimwengu wa mtandaoni wa maandishi matupu, watu wengi humo kwa pamoja: unaandika unaelekea wapi, unasoma kilichotokea. Wasimamizi waliitwa wachawi (jina zito kwetu, najua). Desemba 1992 akatangaza kwamba wachawi watashughulika na mitambo tu, ya watu wayamalize wenyewe. Miezi michache baadaye mmoja aliyejiita Mr. Bungle akaingia sebule ya humo na kiprogramu chake, kikaandika wenzake wakidhalilishwa kingono, kana kwamba wanayafanya wenyewe kwa hiari. Watu wakakutana, wakabishana kwa masaa, wasiafikiane. Mwishowe mchawi mmoja akaifuta akaunti yake Bungle, peke yake, bila kumuuliza mtu. Ndipo Curtis akaleta utaratibu wa saini na kura: pendekezo likipata saini za kutosha, wachezaji wanalipigia kura. Nao haukutosha: mwaka 1996 wachawi walirudi kuamua mambo ya watu.

Sasa wewe: kura waachie kwenye kanuni, siyo kumhukumu mtu. Andika mapema nani anaweza kumnyamazisha mkorofi saa nane za usiku, na kwa muda gani. Kisha mtafute mmoja asiye rafiki yako, umpe uwezo wa kutengua uamuzi wako. Hapo utaumia kidogo.

Halafu jiandae, utakayemfukuza atarudi na jina jingine. Bungle alirudi.