Jikoni na Shangazi: Pilipili zangu za moshi zimeota ukungu

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina mipilipili mbuzi uani, na mwaka huu imezaa mpaka nagawia majirani. Zilizoiva nilizibanika juu ya jiko la mkaa, nikaongeza kuni mbichi ili moshi uwe mwingi. Zilitoka nyeusi kwa nje, ndani bado laini. Nikazijaza kwenye chupa, nikamimina mafuta ya alizeti mpaka zikafunikwa, nikaweka kabatini. Sasa naona vipovu, na shingoni mwa chupa kuna utando mweupe. Nikiutoa utando huo na kuzichemsha, zitafaa? (Mama Wawili, Muheza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hazifai. Usizichemshe, na usizionje hata kwa ncha ya ulimi. Funga chupa hiyo kama ilivyo ndani ya mifuko miwili, uitupe mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Nakuambia kwa ukali kwa sababu ukungu unaouona si ndio unaonitisha zaidi. Pilipili mbichi au laini ina maji, na uchachu wake ni mdogo. Ukiizamisha kwenye mafuta umeinyima hewa, na kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum anayestawi palepale pasipo na hewa. Sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana na kunukia vizuri kabisa. Vijimbegu vyake havifi kwa maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida. Wengi wanaamini mafuta ni dawa ya kutunzia kitu chochote. Si kweli, na kwa pilipili yenye unyevu ni hatari.

Jambo la pili: moshi unatia harufu na unasaidia kidogo tu. Kinachotunza pilipili ni ukavu. Huko La Vera, Hispania, msimu wa kuvuna pilipili huja na mvua, jua halitoshi, ndiyo maana wakulima huzianika juu ya moto mdogo wa kuni za mwaloni kwa siku 10 hadi 15, wakizigeuza kwa mkono. Angalia hizo siku. Moto wao unakausha polepole, wala hauchomi. Nanyi wakati wa masika mna shida hiyohiyo ya jua.

Basi anza upya hivi. Chuma zilizoiva nyekundu, zisizo na doa wala tundu la mdudu. Osha, zikauke maji, toa vikonyo, kisha pasua kila moja katikati. Ngozi ya pilipili mbuzi ni kama imepakwa nta. Usipoipasua, maji ya ndani hayana pa kutokea. Pilipili kichaa ni nyembamba, unaweza kuziacha nzima.

Kuni unazo mlangoni. Uko Muheza kwenye machungwa, omba matawi yaliyopogolewa, yakauke vizuri, ubandue maganda. Mpera na mwembe pia ni wazuri. Usitumie msonobari, mkaratusi wala mbao zenye rangi. Zile kuni mbichi ndizo zilizokupa masizi: moshi wake ni mzito, mweupe, unaacha uchungu usiotoka hata ukipika. Unautaka moshi mwembamba unaoelekea bluu. Weka makaa machache upande mmoja wa pipa au debe, pilipili upande wa pili kwenye wavu, funika, acha upenyo. Ukiweza kuushika mkono wako usawa wa wavu kwa muda kidogo bila kuungua, moto unatosha. Fanya haya nje, na mwenye pumu akae mbali, maana moshi wa pilipili unakaba kifua.

Baada ya saa 3 au 4 harufu imeshaingia. Hapo malizia kukausha juani, kwenye kichanja chenye chandarua, kamwe si chini kwenye udongo, maana huko ndiko sumukuvu inakotafutwa. Mvua ikinyesha, tumia ovena ya moto mdogo, nyuzi 60 hivi, mlango wazi kidogo. Pilipili iliyokauka inavunjika kwa mlio; ikijipinda tu, bado. Zikishapoa, zifungie usiku kucha kwenye chupa ya kioo. Asubuhi ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, zirudishe juani. Kioo kikiwa kikavu, zitunze gizani, mbali na jiko, na usage kidogo kidogo, kwa sababu unga unapoteza harufu haraka.

Ukiyapenda mafuta ya pilipili, tengeneza ya kula ndani ya siku 4, na yakae kwenye friji muda wote.

SWALI: Shangazi, mimi napenda pilipili ya siki. Je, siki ya nazi anayotengeneza mama inafaa kutunzia? (Kijana wa Mombasa)

JIBU: Kwa kachumbari ya siku hiyo, inafaa sana. Kwa kutunzia, nunua siki iliyoandikwa asilimia 5, kwa sababu ya nyumbani huwezi kujua ukali wake kwa kuonja. Chemsha vikombe 5 vya siki na kimoja cha maji pamoja na chumvi, mimina ikiwa moto juu ya pilipili zilizopasuliwa, zote zizame, zikipoa uweke kwenye friji. Vaa glovu unapopasua. Kama umeshaungua, jipake mafuta ya kula kwanza, kisha ndiyo uoshe kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi ule ukali.