Maswali ya Wasomaji: Henryk Tomaszewski ni nani?

SWALI: Habari mhariri, nimeona mnamtaja Tomaszewski kama baba wa mabango ya Poland, kwani alifanya nini hasa?

JIBU: Salama kabisa, na asante kwa swali zuri. Henryk Tomaszewski alizaliwa Warsaw 1914 akafariki hukohuko 2005. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya serikali ya Film Polski ilitaka mabango ya filamu, yeye na wenzake wakakubali ila kwa sharti waachwe wachore wanavyotaka, sio kubandika tu sura za mastaa kama ilivyozoeleka, na hapo ndo mambo yakabadilika maana 1948 kwenye maonyesho ya mabango ya filamu kule Vienna alizoa medali 5 za dhahabu! Mimi nalipenda zaidi bango lake la 1959 la maonyesho ya mchongaji sanamu Mwingereza Henry Moore, yaani jina tu kwa herufi kubwa na sanamu moja hapohapo kwenye herufi, basi, na bado huwezi kulisahau. Halafu alifundisha chuo cha sanaa Warsaw kuanzia 1952 mpaka 1985, wanafunzi walimfuata hadi kutoka Ufaransa, mmojawapo Pierre Bernard aliyekuja kuanzisha kundi la wabunifu wa michoro la Grapus kule Paris.